Tulivyojifunza Kugeuzana Wodini

Kidonda cha kwanza cha kulalia nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa mwishoni mwa uti wa mgongo wa mama mmoja mkulima, aliyeletwa kwetu kutoka vilimani akiwa hajitambui kwa malaria. Malaria tuliishinda. Wiki ya pili mama alifungua macho, akaomba uji, akauliza ni nani anayemchungia mbuzi wake. Tulicheka kwa furaha. Kisha tukamgeuza ili tumbadilishie shuka, na mimi nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Palikuwa na shimo ambalo ngumi yangu ingeingia.

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika hospitali ile. Nilikuwa nimetoka Lushoto, kwenye baridi na ukungu, nikapangiwa Kigoma, na nikasafiri kwa treni mpaka reli ilipokwisha. Chuoni nilifaulu somo la uuguzi wa mgonjwa wa kitandani kwa alama nzuri. Niliweza kutaja sehemu zote ambazo mfupa hukaa karibu na ngozi, kuanzia kisogo hadi kisigino. Mbele ya shimo lile sikuweza kutaja chochote.

Sista inchaji wa wodi yetu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mama wa Kiha, mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia.

"Kidonda hiki hakikuletwa na malaria," alisema. "Wala usimsingizie Mungu. Tumekileta sisi, kwa kumwacha alale chali kama gogo."

"Sista, tulikuwa wawili kwa wodi nzima."

"Najua mlikuwa wawili. Kidonda hakijui."

Yule mama alitukalia miezi minne kwa sababu ya kidonda, baada ya malaria kumtoka kwa siku kumi. Kila asubuhi mimi ndiye niliyekisafisha, na kila asubuhi alinishika mkono wa gauni akauma meno. Alipoondoka akiwa mzima, nilijiapiza kwamba sitasafisha kingine kama kile kikiwa kimezaliwa mikononi mwangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na sikuona kwa nini nisiweze.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wengine walitembea kutoka Burundi wakiwa na watoto mgongoni, wengine walivuka ziwa kutoka Kongo kwa maboti yaliyojaa kupita kiasi. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda ishirini, na kati ya vitanda tulitandika magodoro sakafuni. Kwa kawaida mgonjwa kwetu huja na ndugu yake. Ndugu ndiye anayemlisha, anayemwogesha na anayemgeuza. Wagonjwa wengi wa miaka ile walikuja peke yao. Ndugu zao walikuwa kambini, au njiani, au hawajulikani walipo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Piga hesabu ya wauguzi wawili, utaona haiwezekani. Kwa hiyo nikafikiri: wagonjwa wenyewe lazima wajue. Wakijua watajigeuza, na wenye nguvu watawageuza wasio na nguvu.

Nikaandaa somo. Nilichora mtu kwenye karatasi kubwa, nikaonyesha mishipa ya damu kwa kalamu nyekundu, nikasimama katikati ya wodi saa nne asubuhi na kueleza jinsi uzito wa mwili unavyoibana damu isipite, na ngozi isiyopata damu inavyokufa. Nilieleza kwa Kiswahili safi cha shuleni. Wanawake wa Burundi, ambao wengi hawakujua Kiswahili, walinitazama kwa heshima kubwa. Wenyeji waliitikia "ndiyo, nesi" kila nilipovuta pumzi. Karibu na mlango, bibi mmoja wa Ujiji alianza kukoroma. Hakuwa amelala. Jicho lake moja lilikuwa wazi linanitazama.

Bibi huyo alikuwa amevunjika nyonga kwa kuteleza uani kwake. Mguu wake ulifungwa kamba, ikapitishwa kwenye gurudumu dogo mwishoni mwa kitanda, na kwenye kamba ukaning'inizwa mfuko wa mchanga ili kuuvuta mfupa ukae sawa. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa ameuza dagaa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja katikati ya mawimbi na injini, na alijifunga mtandio wake vizuri kila asubuhi kabla hajakubali kunywa dawa.

"Shikamoo Bibi," nilimwambia nilipomaliza somo. "Mbona unakoroma hujalala?"

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nakusaidia. Nilitaka ujue wenzangu wanavyojisikia."

Siku ile niliudhika. Jioni nikiwa nyumbani kwangu, mtaa wa Gungu, nikiosha vyombo, nilicheka peke yangu. Alikuwa amesema kweli.

Basi nikabuni mchezo. Wodi yetu ilikuwa ndefu. Upande mmoja kulikuwa na mlango unaotazama kilima, upande wa pili dirisha kubwa ambalo kutoka hapo uliona ziwa lote na, siku ambazo hewa ilikuwa safi, milima ya Kongo ng'ambo. Vitanda vilipangwa kiasi kwamba mgonjwa akilala ubavu mmoja anatazama ziwa, akilala wa pili anatazama kilima. Nikawaambia wodi yetu ni meli. Nikiita "Meli inaondoka!" kila mtu anageukia ziwani. Baada ya saa mbili nikiita "Meli inarudi!" kila mtu anageukia kilimani. Anayechelewa ameachwa bandarini, na ataimba wimbo.

Sista inchaji aliposikia kelele alisimama mlangoni. "Hii ni wodi au ni ngoma?"

"Ni wodi inayogeuka, Sista."

Alitazama kitanda hadi kitanda. Wanawake karibu wote walikuwa wamelala ubavu, wengine wanacheka mpaka mito inatikisika. Kisha akaenda zake kuhesabu sindano.

Wiki nzima meli yangu ilikwenda na kurudi. Wenye vidonda vya upasuaji walijigeuza wenyewe wakijishika tumbo. Wenye nguvu, hasa kina mama waliokuwa wakisubiri siku zao za kurudi nyumbani, waliwageuza wengine wawili wawili. Wanawake wa Burundi walijifunza neno meli, wakatufundisha sisi kusema "hindukira", yaani geuka. Nilitembea wodini kifua mbele. Niliandika barua kwa mama yangu Lushoto, nikamweleza jinsi nilivyopata akili.

Ukimwacha Bibi, ambaye kamba yake haikumruhusu kugeuka, kulikuwa na mmoja tu asiyecheza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi kutoka Kongo, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao. Siku mbili baada ya kuvuka, lori lililokuwa likiwapeleka kambini lilipinduka mtelemkoni, na uti wake wa mgongo ukavunjika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu. Huyu ndiye hasa niliyebuni mchezo kwa ajili yake, maana mtu asiyesikia maumivu haambiwi na mwili wake kwamba ngozi inakufa. Alikuwa mpole, msafi, anashukuru kwa kila kitu. Lakini nilipoita meli inaondoka, alifumba macho. Kina mama wakimgeuza kuelekea ziwani, aliwaacha wamgeuze. Dakika chache baadaye ungemkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, anajivuta kidogo kidogo mpaka arudie kutazama kilima.

Siku ya nane nikiwa namwogesha nilikuta paja lake la kushoto, pale nyonga inapotokeza, pana sehemu kubwa kama kifuniko cha kopo iliyokuwa nyeusi kuliko ngozi yote. Niligusa. Ilikuwa ya moto, na ngumu kama ukanda. Niliisugua kwa spiriti na poda, kama tulivyofundishwa wakati ule. Siku hizi tunajua kwamba kusugua ngozi iliyokwisha kuumia kunaizidishia madhara, na kila nikikumbuka jinsi nilivyoisugua kwa nguvu na nia njema, natamani kujipiga kofi. Nikamaliza, nikasimama, nikamgombeza mbele ya wodi nzima.

"Wewe ni mtu uliyesoma, mwalimu. Ninakugeuza, unajirudisha. Unataka kuoza?"

"Hapana, dada."

"Sasa kwa nini unakataa?"

"Siko nakataa, dada." Akafumba macho tena.

Nikaondoka nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilipopita karibu na mlango, bibi wa Ujiji alinishika gauni.

"We binti. Umemuuliza?"

"Si nimemuuliza sasa hivi, Bibi? Umesikia."

"Nimesikia unafoka. Kuuliza sijasikia. Kaa kitako karibu naye, umuulize."

Nilikwenda kuosha mikono kwanza, ili nipate muda wa kushusha hasira. Kisha nikavuta kiti nikakaa upande wa kilimani, ambapo uso wake ulikuwa. Nilianza kwa kumwomba radhi kwamba nimemfokea. Alitazama mikono yake. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasoma orodha ya mahudhurio.

Walivuka mchana, jua linawaka. Boti lilijaa mpaka maji yalikuwa inchi chache kutoka ukingoni. Katikati ya ziwa upepo ukabadilika, maji yakaanza kuingia. Mwenye boti akasema wanaume washuke, washike ukingo, waelee, ili boti lipungue uzito. Mume wake alikuwa wa kwanza kushuka, kwa sababu alijua kuogelea na alitaka wengine wapate moyo. Alishika ukingo pale pale alipokaa mwalimu, mkono wake juu ya mkono wa mkewe. Walizungumza. Alimwambia achunge mfuko wenye vyeti vya shule. Mawimbi yalikuja, mwalimu akafumba macho kwa sababu ya maji, na alipofumbua ule mkono haukuwepo.

"Hakuna aliyepiga kelele," alisema. "Ndiyo maana najiuliza sana. Angepiga hata kelele moja."

Nilivuta kiti karibu zaidi.

"Nyinyi mnacheza, na mchezo ni muzuri, naona wagonjwa wanacheka. Sikutaka kuharibu. Lakini ukisema meli inaondoka, mimi naona ile boti. Na mukinigeuza, ziwa liko pale."

Machozi yalinitoka, na sikupenda yanitoke kwa sababu yeye hakulia. Nilimwambia mchezo ule umekwisha, hautachezwa tena katika wodi ile. Alisema, "Usiwaambie sababu." Nikamwahidi.

Lakini huwezi kuwaambia wanawake ishirini na zaidi kwamba mchezo wanaoupenda umekwisha bila kuwapa sababu wala mwingine. Saa nane mchana walianza kuniuliza meli iko wapi. Nilisema imeharibika injini. Wakacheka, wakabaki wamelala chali. Kila kazi yangu ya wiki ile niliiona inateleza.

Bibi wa Ujiji ndiye aliyeniokoa. Kitanda chake kilikuwa mbali na cha mwalimu na sijui alisikia kiasi gani, lakini alikuwa mtu wa kuelewa mambo. Aliniita, akaniamuru niinue mto wake, akajifunga mtandio upya.

"Dagaa akitoka ziwani, mwanangu, unamwanika juani," alianza. "Upande wa juu unakauka, unang'aa, unapendeza machoni. Upande wa chini umelalia maji yake mwenyewe. Usipomgeuza, ukimwinua baadaye unakuta ameoza, na nzi wamekwisha jua kabla yako. Miaka yote ile nimegeuza dagaa. Sasa wewe unatuhubiria mishipa ya damu kwa kalamu nyekundu. Nani hapa ana haja ya mishipa? Sema dagaa."

"Bibi, utawaambia wewe?"

"Unadhani nimekuinulisha mto wa nini?"

Akavuta pumzi, akapaza sauti iliyofika, nadhani, mpaka wodi ya wanaume. "Wanawake wa Kibirizi!"

Walitazamana. Wengi hawakujua kwamba wao ndio wanaoitwa.

"Kuanzia leo nyie ni dagaa wangu. Nimewaanika. Nikisema jua, mtajibu kali. Nikisema upande, mtajibu wa pili, na mtageuka. Asiyegeuka ni dagaa mbichi, simpeleki sokoni. Haya! Jua!"

"Kali!" walijibu wawili watatu.

"Hao dagaa wamekufa zamani? Jua!"

"Kali!"

"Upande!"

"Wa pili!"

Na wanawake wa Burundi, ambao walikwisha kuelewa kinachoendelea, wakamalizia kwa pamoja: "Hindukira!" Vitanda vikalia nyii nyii, wodi nzima ikageuka.

Nikabaki na swali la mwalimu. Nyonga yake ya kushoto ilitaka kupumzishwa, maana yake alale ubavu wa kulia, na ubavu wa kulia ulimpeleka kutazama ziwa. Nilisimama miguuni pa kitanda chake nikiwaza pazia, nikiwaza kumhamisha chumba, na vyote havikuwepo. Kisha nikaona jambo rahisi kiasi kwamba niliona haya. Nilichukua mto nikauweka upande wa miguu. Tukamnyanyua watu wanne, tukampindua, kichwa kikaja miguuni na miguu ikaenda kichwani. Sasa alilala ubavu wa kulia, uso ukiwa kilimani.

Aliangalia mlango, akaangalia miti ya kilimani, akanitazama mimi. "Kumbe kitanda kina njia mbili," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nione meno yake.

Sista inchaji hakupenda. Vitanda vyake vilikuwa na utaratibu, kichwa ukutani, miguu katikati, faili limening'inizwa miguuni. "Wiki ijayo kuna raundi ya daktari. Atasema wodi hii imerukwa na akili."

"Sista, ziwa linamsumbua," nilisema tu. Alinitazama usoni. Alikuwa ameishi na watu wa ziwa hili maisha yake yote. Hakuuliza zaidi, ila alihamisha faili mwenyewe.

Tangu siku ile mwalimu alicheza; kila alipogeuzwa ubavu tulihamisha mto na kumpindua na kichwa pia, uso ubaki kilimani. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu, hakuweza kucheza bila kusahihisha. Nilipowafundisha wanawake kukaguana ngozi baada ya kila kugeuka, nilisema kama kitabu changu kilivyosema, kwamba watafute wekundu. Aliinua mkono kutoka kitandani, kama mwanafunzi.

"Dada, sisi ni weusi. Wekundu tutauona wapi?"

Wodi ikaangua kicheko. Mimi mwenyewe ni mweusi na sikuwahi kujiuliza.

"Paja langu lilikuwa je?" aliniuliza. "Si uligusa?"

"Lilikuwa jeusi zaidi. La moto. Gumu."

"Basi tuseme hivyo. Peusi kuliko pengine. Pa moto kuliko pengine. Pagumu kuliko pengine. Watashika."

Nilimletea mkaa na maboksi ya dawa yaliyokwisha, tukayafungua yakawa kama karatasi nene. Alichora mwanamke amelala ubavu, amelala chali, amekaa, na kila mahali penye mfupa akaweka duara: kisogo, bega, kiwiko, nyonga, mwisho wa mgongo, goti, kifundo, kisigino. Chini ya michoro hakuandika sana. Alisema wengi hawasomi, na wanaosoma hawatasoma wakiwa na maumivu. Tuliibandika ukutani. Kukagua tuliita kuchambua dagaa. Wawili wawili walipita na kidole gumba wakibonyeza sehemu za mwenzao, na ikiwa alama ya kidole haikufifia, au pakiwa na joto, waliita "Hapa pana unyevu!" nami nilikuja kutazama. Waligundua visigino viwili na kisogo kimoja kabla mimi sijavigundua. Tukaanza kukunjua shuka zote kwa mikono kila asubuhi, kwa sababu kunjo moja chini ya mgongo ni kama kamba, na walioloa tuliwabadilisha mara moja bila mtu kuona haya.

Bibi mwenyewe hakuweza kugeuka, kamba yake haikuruhusu. Juu ya kitanda chake tulifunga mnyororo wenye kishikio. Yeye alitakiwa aushike, ajinyanyue makalio kutoka kwenye godoro, na wodi imhesabie mpaka kumi. Waha walihesabu Kiha, Warundi Kirundi, mwalimu Kifaransa, na mimi Kisambaa kwa kuwa walitaka kukisikia. Bibi alidanganya. Alijinyanyua kidogo tu, akakunja uso kama anabeba gunia.

"Bibi, sijaona mwanga chini yako," mwalimu alimwambia siku moja.

"Macho yako mabaya."

"Nyanyua, au wewe ndiye dagaa mbichi."

Bibi akanyanyua. Alinyanyua mpaka nikapitisha mkono wangu wote chini yake, akihema na kutukana kidogo, na wodi ikahesabu polepole kwa makusudi. Adhabu ya mbichi ilikuwa kuimba au kusimulia kisa, na hapo pakawa na tatizo jingine. Baadhi ya wanawake walianza kuchelewa kugeuka makusudi ili wapate nafasi ya kuimba. Ilibidi tubadilishe, anayewahi ndiye aimbe.

Siku ya raundi daktari alikuja na makaratasi yake. Alikuwa kijana mpole kutoka Kilimanjaro, asiyependa mambo yasiyoeleweka. Alifika kitanda cha mwalimu, akasimama, akatafuta kichwa.

"Sista, kwa nini mgonjwa huyu amelala kinyume?"

Nilifungua mdomo. Sista inchaji alinitangulia.

"Kwa sababu ngozi yake inataka hivyo, daktari. Tazama nyonga."

Daktari aliinama akatazama. Weusi ulikuwa umepungua, ugumu umelainika, hapakuwa hata na malengelenge. Akabonyeza kwa kidole, akasubiri, akabonyeza tena. Kutoka mlangoni Bibi aliuliza kwa sauti kubwa kama dagaa huyo amekauka au bado. Wodi nzima ikaziba midomo. Daktari aligeuka na uso mzito, akaona michoro ya mkaa ukutani, akaisogelea, akaisoma yote kwa mpangilio. Aliuliza nani ameichora. Mwalimu akainua mkono.

"Naomba nyingine ya wodi ya wanaume," daktari alisema.

"Wanaume watacheza?" mwalimu aliuliza.

Daktari alifikiri. "Sijui. Lakini wanaoza vizuri tu." Hapo ndipo hatukuweza kujizuia tena, na Sista inchaji alicheka akiwa ameegemea ukuta, kitu ambacho sijakiona tena.

Sitaki kusema tuliwaokoa wote. Aliletwa mwanamke kutoka kambini ambaye kidonda kilikwisha kumfika mfupani kabla hajatufikia, na tulimpoteza. Lakini kwa miezi yote niliyobaki katika wodi ile, hakuna shimo lililozaliwa kwenye vitanda vyetu. Nilikuwa nahakikisha kila siku kwa macho na mikono yangu mwenyewe, na nasema hivyo bila kujificha.

Bibi alirudi Ujiji akitembea na mkongojo, akilalamika kwamba mguu mmoja umekuwa mfupi na kwamba sisi ndio tulioukata. Mwalimu alikaa zaidi. Wifi yake alikuja kutoka kambini, akakaa naye wiki mbili, nikamfundisha kumgeuza, kumkagua na kumnyanyua bila kumburuta. Mwalimu hakulitazama ziwa mpaka siku anaondoka, wala mimi sikumwomba alitazame. Gari lilipokuja tulimlaza nyuma juu ya magodoro mawili, uso ukiwa mbele.

Miezi kadhaa baadaye nilipata nafasi ya kwenda kambini na gari la chanjo. Barabara ilikuwa vumbi jekundu tupu. Niliuliza mwalimu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, na kila mtu alimjua. Nilimkuta chini ya turubai, kwenye kiti cha mbao kilichotiwa magurudumu ya baiskeli, anagombana na mzee mmoja aliyepooza ambaye alikuwa amekaa juu ya mkeka.

"Mwone huyu," aliniambia kabla hata ya kunisalimia. "Tangu asubuhi hajajinyanyua. Namwambia, anasema amechoka. Amechoka kukaa!"

"Mwalimu ana kelele," mzee alinishtakia.

"Mzee, shikamoo," nilisema. "Jinyanyue."

Alijinyanyua kwa mikono miwili, mwalimu akamhesabia Kifaransa, kumi nzima, bila huruma.

Kisha wifi yake mwalimu alitupeleka ndani ya nyumba yao ya udongo, tukamlaza mwalimu kitandani, nikamkagua kama nilivyokuwa nikimkagua wodini. Nilipitisha mkono kuanzia bega mpaka kisigino. Nilibonyeza nyonga ya kushoto kwa kidole gumba. Ngozi ilikuwa laini, ya baridi, nzima. Nilitafuta hata kovu sikuliona.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona."

"Sasa ule upande mwingine, dada. Usikague nusu."

Nikamgeuza, nikakagua na upande mwingine. Nje, wifi yake alikuwa akisonga ugali wa muhogo na kutuita tuje kula kabla dereva hajaanza kupiga honi.